Tisa Desemba ya wenzetu wa Beiping

Kwetu tisa Desemba ni Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961: gwaride, hotuba, na siku moja ya kulala bila kukosa lekcha. Sasa kuna watu wengine wenye tisa Desemba yao, na walikuwa wanafunzi kama sisi. Yao ni ya mwaka 1935, katika mji wa Beiping, ambao ndio Beijing ya leo. Nimeisoma habari yao wiki hizi mbili wakati nilitakiwa kusoma mengine, na nina la kusema.

Kwanza tuelewane kilichowatoa madarasani. Septemba 18, 1931 jeshi la Japani lilianza kuiteka Manchuria, na mwaka uliofuata likaunda huko nchi ya bandia iliyoitwa Manchukuo. Mei 1933 ukatiwa saini mkataba wa Tanggu, majeshi ya China yakaondoka kwenye eneo kubwa kusini mwa Ukuta Mkuu. Katikati ya mwaka 1935 likaja lingine: Kuomintang, chama kilichotawala, kikakubali kufunga ofisi zake katika jimbo la Hebei na kuhamisha baadhi ya majeshi, kwa sababu Wajapani hawakuwataka pale. Novemba 25 mwaka huohuo bwana mmoja, Yin Rugeng, akatangaza kwamba mashariki ya Hebei sasa "inajitawala". Inajitawala, jamani, huku Wajapani wamesimama nyuma yake! Kisha ikaja zamu ya Beiping yenyewe. Likatengenezwa Baraza la Kisiasa la Hebei na Chahar, chini ya Jenerali Song Zheyuan, na kila mtu alijua linaundwa ili kumridhisha nani.

Mnauona mtindo lakini? Miaka minne nchi inamegwa na hakuna aliyetangaza vita. Ni karatasi tu, kidogo kidogo, kama yule ngamia wa hadithi aliyeomba aingize pua tu hemani. Na karatasi zenyewe za siri! Makubaliano ya mwaka 1935 serikali haikuyatangaza kwa wananchi wake. Mtu aliyesema kwa sauti kwamba nchi inauzwa ndiye aliyekamatwa. Chiang Kai-shek alikuwa na hesabu yake: kwanza awamalize wakomunisti ndani, ndipo apambane na mgeni. Isitoshe, jeshi la Japani lilikuwa na nguvu kweli, alihitaji muda. Siyo hesabu ya kijinga, nakubali. Ila aliifanya kwa ardhi ya watu bila kuwaambia.

Basi asubuhi ya Desemba 9 vijana wakaingia barabarani, maelfu, kwenye baridi ya kugandisha maji. Wa Tsinghua na Yenching vyuo vyao vilikuwa nje ya ukuta wa mji, wakatembea hadi lango la Xizhimen wakalikuta limefungwa. Hawakurudi bwenini. Walibaki palepale nje wakiwahutubia wakulima, wapita njia na hata askari. Waliokuwa ndani ya mji walikwenda lango la Xinhuamen (lishikeni jina hilo, nitalirudia) kumpelekea He Yingqin, mwakilishi wa serikali ya Nanjing, madai yao. Hakutoka kuwaona. Wakaendelea na maandamano mjini, wa Chuo Kikuu cha Peking wakajiunga, mpaka polisi walipowafungulia mabomba ya maji. Nimesema ni baridi ya kugandisha, kwa hiyo piga picha mwenyewe nguo zilivyokuwa baada ya dakika tano.

Desemba 16 wakarudi, safari hii wengi zaidi. Siku hiyo ndiyo ya binti aliyeitwa Lu Cui, wa Tsinghua. Jioni wenzake walizuiwa kwenye lango lingine la mji. Akaona upenyo chini ya lango, akajilaza akapita chini yake, akaibukia upande wa askari na kuanza kulifungua kwa ndani. Walimpiga na kumkamata. Edgar Snow, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Beiping, alimfuata hukohuko alikoshikiliwa akamhoji, na dunia ikasoma. Kila ninaposikia kwamba mabinti wa chuo hawana habari na siasa namkumbuka huyo.

Siku mbili baadaye, Desemba 18, baraza likazinduliwa kama kawaida. Kwa hiyo wapo wanaosema: sasa walipata nini? Hu Shi, profesa mkubwa wa Chuo Kikuu cha Peking, naye aliwaambia mapema kwamba kuandamana sawa, lakini kugoma masomo hakuna faida. Rudini darasani, nchi inahitaji watu wenye elimu. Hii hoja tunaijua sote, tumeisikia kwa wazazi, kwa walimu, na tunaambizana wenyewe bumu likichelewa na watu wanaanza kukusanyana. Mimi simdharau Hu Shi. Lakini vijana wa Tsinghua, katika tangazo aliloliandika mwenzao Jiang Nanxiang, walikuwa na jibu ambalo sijaona aliyeliangusha: kwamba Kaskazini ya China yote, pamoja na ukubwa wake, haikuwa tena na mahali pa kuweka dawati la kusomea kwa utulivu. Hawakukataa kusoma. Walisema dawati lenyewe linaondolewa. Na kweli, Julai 1937 ndege za Japani zilikipiga mabomu chuo cha Nankai pale Tianjin. Peking, Tsinghua na Nankai vikakimbilia Changsha, kisha Kunming kusini-magharibi kabisa, vikafundisha huko kama chuo kimoja mpaka 1946. Baadhi ya wanafunzi walifika huko kwa miguu!

Na matokeo yalikuwepo. Moto ulienea Tianjin, Wuhan, Guangzhou, Shanghai. Wale wa Shanghai waliteka treni waende Nanjing kuiona serikali, njiani wakakuta reli zimeng'olewa, wakazirudishia wenyewe (watu wa uhandisi mtambe kidogo). Januari 1936 wa Beiping na Tianjin walikwenda vijijini Hebei kuwahamasisha wakulima, na huko wakagundua kwamba maneno yao ya chuoni mkulima hayamwingii. Desemba 9, 1936 wanafunzi wa Xi'an waliadhimisha mwaka mmoja kwa kuandamana kwenda alikofikia Chiang. Jenerali Zhang Xueliang, mtu wa Manchuria aliyefukuzwa kwao na Wajapani, aliwazuia njiani wasije wakapigwa risasi, akawaahidi kuwajibu kwa vitendo. Siku tatu baadaye alimkamata Chiang, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikasimama. Sisemi wanafunzi ndio waliomsukuma peke yao. Nasema walikuwepo barabarani.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Madai ya Desemba 9 yalikuwa sita. Pingeni huu "utawala wa ndani" wa kubuni. Lindeni mipaka ya nchi. Komesheni vita ya wenyewe kwa wenyewe. Hayo matatu ndiyo yanayokumbukwa, na historia ikayatimiza kwa namna yake, kwa damu nyingi sana. Lakini yalikuwepo mengine matatu: yatangazeni hadharani mazungumzo na Japani, acheni kukamata watu ovyo, toeni uhuru wa kusema, kuandika na kukutana. Haya yalielekezwa kwa serikali yao wenyewe, si kwa mgeni. Na wala hayakuwa nyongeza ya kupamba karatasi. Vijana walielewa kwamba mgeni aliingia kwa kupitia siri, na siri ilikaa kwa sababu mwenye kusema alifungwa. Ukimtoa mgeni ukaiacha siri, umefanya nusu ya kazi.

Wakomunisti walikuwemo miongoni mwa viongozi wa wanafunzi, ingawa mtandao wao mjini ulikuwa mdogo, umevunjwavunjwa na kamatakamata. Baada ya 1949 wengi wa vijana hao wakawa wakubwa serikalini. Huang Hua wa Yenching akawa waziri wa mambo ya nje. Jiang Nanxiang, yule wa dawati, akawa mkuu wa Tsinghua hiyohiyo, na mwaka 1966 wanafunzi wake wakamgeuka na kumdhalilisha kwenye Mapinduzi ya Utamaduni. Desemba 9 ikawa kumbukumbu rasmi, kwaya na hotuba, na chama kikajipa sifa zote. Madai yale matatu ya pili hayaimbwi sana.

Halafu ikaja Aprili 1989. Wanafunzi wa Beijing walikwenda kukaa chini mbele ya lango wakitaka viongozi watoke wawasikilize, na walichotaka ni uhuru wa magazeti na ukweli kuhusu mali za wakubwa. Lango gani? Xinhuamen. Lilelile. Sasa ndani yake walikaa viongozi wa chama. Hawakutoka kuwaona.

Mmoja wa waliokuwa kwenye kamati ya juu kabisa ya chama mwaka huo alikuwa Yao Yilin. Mwaka 1935 alikuwa kijana wa Tsinghua, mmoja wa waliopanga maandamano ya Desemba 9 katika umoja wa wanafunzi wa Beiping. Mei 1989, kamati ilipojadili kama jeshi liingizwe mjini, Yao alikuwa upande wa waliosema liingizwe. Usiku wa kuamkia Juni 4 likaingia, kwa risasi.

Kuna jamaa wa historia hapa bwenini tuliyebishana naye. Yeye anasema Yao hakubadilika, kwamba tangu mwanzo alitaka nchi yenye nguvu na fujo ndiyo alichukia. Sikubaliani naye. Karatasi ya 1935 ipo na ina mambo sita. Mtu aliyewahi kusimama kwenye ile baridi akidai yote sita anajua kabisa ni yapi aliyoyaacha nje ya lango alipoingia. Wenye hoja nyingine karibuni, hasa nyie mnaogombea uongozi wa wanafunzi muhula huu.