Mguu Utanyooshwa, Maji Je?

Daftari la michango la mtaa wetu hapa Usa River nalishika mimi. Humo mna harusi, misiba, na sasa miguu ya binti wa jirani, wa darasa la pili. Ana matege, akikutanisha visigino, kati ya magoti yake unapita mpira.

Watu wanachanga, sina malalamiko. Ila kila anayenifuata dukani ana swali lile lile: “Mama, operesheni shilingi ngapi?” Akishatajiwa, anatoa chake na kwake mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Daktari hukata mfupa uliopinda, akaunyoosha, mguu ukafungwa plasta ngumu. Hiyo ni kazi ya saa chache. Plasta hukaa wiki kadhaa, na hizo wiki ndizo zinazoitafuna familia. Mtoto mkubwa hivyo habebeki mgongoni, plasta haitakiwi kuloa, choo kiko nje, vumbi mpaka kitandani, na mama asipokwenda sokoni na ndizi zake jioni hakuna cha kupika. Halafu yaja mazoezi ya viungo, na nauli yake. Plaster House ya Arusha, iliyoanza mwaka 2008, hupokea watoto wa namna hii hadi wapone. Mimi ningeulizia kwanza nafasi pale, ndipo nipitishe bahasha.

Lipo na jambo jingine, ambalo likitajwa kikaoni watu huanza kutazama simu. Matege yana sababu nyingi, na mtoto anayejifunza kutembea huweza kuwa nayo kidogo yakanyooka yenyewe. Lakini sisi tunaishi chini ya Mlima Meru, na miamba ya volkano hutia floraidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku Arumeru viko visima na chemchemi vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Meno ya kahawia tumeshayazoea, hata tunataniana nayo. Mifupa ya mtoto anayekua haina utani. Na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka nayo yana floraidi, jambo ambalo mama mkwe wangu hataki kulisikia kabisa.

Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama yale yanayotengenezwa kituo cha Ngurdoto, au maji ya mvua.

Binti huyu ana mdogo wake wa kiume, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Wanakunywa ndoo moja.

Kwa hiyo Jumapili napeleka kikaoni bajeti yenye mistari mitatu: upasuaji, matunzo ya kipindi cha plasta, na mabati ya kukinga mvua na tangi lake. Mwenyekiti ameshaninong'oneza kwamba tangi si ugonjwa. Nimemwambia aje na hoja hiyo mbele ya wote, na baba wa mtoto awepo.