Katiba Imesema, Mkalimani Yuko Wapi?

Jameni, hili limenikera tangu wiki jana. Nilikuwa kortini kufuatilia kesi nyingine, akaletwa kijana kiziwi kutoka rumande. Hakimu akauliza mkalimani yuko wapi. Karani akainama kwenye faili zake. Kesi ikaahirishwa, eti kwa mara ya tatu! Kijana akarudishwa ndani bila kujua ni kwa nini. Dada yake alijaribu kumweleza kwa ishara kutoka benchi ya nyuma, askari akamzuia.

Katiba ya 2010 haina utata hapa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Kifungu cha 120 kinaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na Bunge hilo hilo ndilo linaloidhinisha bajeti ya Mahakama. Basi waheshimiwa, msituletee mswada mwingine wa kupigiwa makofi. Tuonyesheni fedha za wakalimani ziko ukurasa gani.

Kesi ya kijana inatajwa tena mwezi ujao. Nitakuwepo.