Digrii ya tarumbeta: Kijana wa Zagayu aende chuo au aachane nayo?

Jumamosi jioni Dar es Salaam huhitaji kuuliza harusi inapita wapi. Kabla hujaliona gari la maharusi, unaisikia kirikuu iliyobeba matarumbeta. Vijana sita au saba wamejazana nyuma, mashavu yamevimba, jasho linatoka, na barabara nzima inageuza shingo.

Vijana wale wanaingiza hela. Wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa la muziki.

Sasa vuta picha hii. Kijana wa Zagayu, kata iliyoko Itilima mkoani Simiyu, amemaliza kidato cha sita. Amejifunza kupuliza kanisani, tarumbeta anaipenda kuliko kitu kingine, na anamwambia baba yake anataka kwenda kuisomea chuo kikuu, digrii kabisa, miaka mitatu. Baba analima pamba. Unadhani jibu litakuwa nini?

Wengi tungecheka. Lakini swali la huyu kijana si la kuchekwa, na jibu lake si rahisi kama "ndiyo" au "hapana".

Kwanza tuelewane: digrii ya namna hii ipo?

Ipo, ila haiitwi digrii ya tarumbeta. Unasoma Shahada ya Sanaa katika Muziki, halafu ndani yake unachagua ala yako kuu. Mwenzako anachagua kinanda, mwingine gitaa, wewe unachagua tarumbeta, tromboni au tuba. (Saksafoni haimo kwenye familia hii, hata kama imetengenezwa kwa shaba, kwa sababu sauti yake inatokana na kipande cha mwanzi na si mtetemo wa midomo.)

Hapa nchini milango si mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki kupitia Idara ya Sanaa Bunifu. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilicho chini ya KKKT pale Usa River, Arusha, kina shahada ya muziki. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inajulikana zaidi kwa ngazi ya cheti na stashahada. Ukivuka mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta cha Kenya nacho kina shahada ya muziki.

Sifa ya kuingia ni ileile ya kila mtu: alama mbili za juu za kidato cha sita zenye jumla ya pointi 4.0, au stashahada yenye ufaulu mzuri. Kwa maana hiyo, kijana wetu akiwa na cheti kizuri mlango uko wazi. Kigingi kiko kwingine.

Tatizo linaanza kabla ya chuo

Kupuliza tarumbeta ni kazi ya misuli ya midomo, pumzi na sikio. Misuli hiyo haijengwi kwa muhula mmoja. Kwenye nchi zenye utamaduni huu, mtoto anashika ala akiwa na miaka 10 au 12, kwa hiyo akifika chuo ana miaka saba ya mazoezi mwilini.

Wa kwetu anafika na nini? Akibahatika, miaka miwili ya kupuliza ala ya kanisa, anayoigusa Jumamosi kwa mazoezi na Jumapili kwa ibada, kisha inafungiwa ofisini.

Halafu kuna suala la kusoma. Kwaya nyingi za Kanda ya Ziwa zinaimba kwa do-re-mi, na zinaimba vizuri sana. Chuoni utakutana na nota za mistari mitano. Na tarumbeta ina mtego wake: ile ya kawaida imetengenezwa kwenye Si bemoli. Mpiga kinanda akisema "tunapiga C", wewe lazima upulize D ndipo muelewane. Kijana aliyezoea kutafuta kwa sikio anaweza kupiga vizuri kanisani na bado akapotea darasani wiki ya kwanza.

Na ala yenyewe? Tarumbeta ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa, lenye vali tatu. Inaonekana kitu kidogo, lakini kwa familia ya mkulima wa pamba kununua moja mpya inayoeleweka ni habari ya kuuza ng'ombe. Vali ikikwama au bomba likibonyea, fundi wa kuitengeneza humpati kirahisi Bariadi.

Kwa hiyo tusimlaumu kijana kwamba "hana msingi". Msingi huo hakuna aliyemjengea.

Si muziki wa wageni

Kuna watu watasema tarumbeta ni mambo ya Wazungu, Msukuma ana ngoma zake. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Ala zililetwa na majeshi ya kikoloni na wamisionari.

Ila tulizichukua tukazifanya zetu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ngoma ya beni ilianzia pwani miaka ya 1890, ikaiga gwaride la kijeshi na vyeo vyake, kisha ikasambaa Tanganyika nzima kupitia vikundi vilivyoshindana vya Marini na Arinoti. Baadaye bendi za dansi kama NUTA Jazz na Mlimani Park ziliweka matarumbeta mbele ya magitaa. Ukisikia wimbo wa zamani redioni ukajikuta unatikisa kichwa, mara nyingi ni pale "mapembe" yanapoingia.

Na Usukuma ndipo mahali pake hasa. Huku ngoma ni mashindano. Bagalu na Bagika wamekuwa wakichuana msimu wa baada ya mavuno kwa vizazi na vizazi, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kijana aliyekulia kwenye utamaduni huo anajua kitu ambacho chuo hakifundishi: namna ya kumshika mtu aliyesimama mbali asiondoke.

Haya, ajira iko wapi?

Hapa ndipo baba anapotaka jibu, na ana haki.

Njia ya kwanza ni vyombo vya ulinzi na usalama. Polisi, Magereza, JWTZ na JKT wote wana bendi. Unaziona kwenye gwaride la Desemba 9, unaziona kwenye mazishi ya viongozi. Ni mshahara wa uhakika. Lakini unaingia kama askari kwanza, kwa masharti ya umri, afya na mafunzo, ndipo unafika kwenye bendi. Digrii si tiketi ya kuingilia, na miaka mitatu ya chuo inaweza kukuongezea umri kuliko nafasi.

Njia ya pili ni kitaa: harusi, sendofu, mahafali, misiba, kampeni za uchaguzi. Hela ipo, ila ni ya msimu, na kwenye kirikuu hakuna anayekuuliza cheti.

Njia ya tatu ni kufundisha, na hii ndiyo naona watu wengi hawajaiangalia vizuri.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani zake. Machi 2024 Serikali ikatangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, nyingi zikiwa mpya, na sanaa ikapewa kundi lake. Kwenye makaratasi, muziki umepanda ngazi.

Sasa jiulize: nani atafundisha? Walimu wa muziki ni wachache, na wa ala za shaba ndio usiseme. Mtu mwenye digrii ya muziki na ujuzi wa kweli wa ala anapaswa kuwa dhahabu. Ila kuna kona: shahada ya sanaa peke yake haikufanyi mwalimu. Lazima uwe umesoma ualimu ndani ya shahada, au uongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshavaa joho.

Na shule isiyo na tarumbeta hata moja haitaomba mwalimu wa tarumbeta. Mtaala bila ala utabaki maneno kwenye kitabu.

Hesabu ya mkopo

Mkopo wa Bodi ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Kwa mwalimu au askari hilo linabebeka. Kwa mpiga harusi ambaye Januari nzima simu haiiti, ni mzigo.

Ndiyo maana nasema swali la "unapenda?" halitoshi. Swali la pili ni "ukimaliza, nani atakulipa kila mwezi?" Kama jibu ni "tutaona", tafuta jibu lingine kabla hujajaza fomu.

Wenzetu wamefanyaje?

Kampala, kundi la M-Lisada lilianzishwa mwaka 1996 na vijana waliokuwa wakiishi mitaani, wakitumia bendi ya matarumbeta kujinusuru. Hapohapo Uganda, shirika la Brass for Africa linawafundisha watoto wa mazingira magumu, na baadhi ya waliofundishwa wamegeuka kuwa walimu. Nairobi, Ghetto Classics wanafanya kazi ya namna hiyo Korogocho, mtaa uliopakana na dampo la Dandora.

Wote hao hawakuanza na digrii. Walianza na ala mikononi mwa mtoto na mwalimu anayekuja kila wiki. Chuo kikifuata, kinakuta msingi umeshawekwa. Sisi tunafungua paa huku kuta hazijasimama.

Kwa hiyo aende?

Ukiniuliza mimi, aende, lakini kwa mpango.

Moja, kabla ya kuchagua chuo, apige simu aulize swali moja tu: nani anafundisha tarumbeta hapo, na ana saa ngapi kwa wiki na mwanafunzi mmoja? Chuo kinaweza kuwa na shahada nzuri ya muziki na kisiwe na mtu wa ala yako. Utajikuta unasoma historia ya muziki miaka mitatu huku midomo inalala.

Mbili, kama msingi ni mdogo, stashahada kwanza si aibu. Inakupa miaka ya kushika ala, na ukifaulu vizuri unaendelea na shahada.

Tatu, achanganye na ualimu, mapema. Na akipata nafasi ya kujifunza kutengeneza ala, aikamate kwa mikono miwili. Bendi zote hizi za makanisa na za majeshi zina vyombo vinavyoharibika.

Lakini kijana peke yake hawezi kubeba hii. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini. Halmashauri inayokusanya ushuru wa zao hilo ikitenga fungu dogo la kununua ala kumi kwa sekondari moja tu, ndani ya miaka mitano tutakuwa tunazungumza habari nyingine. Kanisa nalo lenye tarumbeta zilizofungiwa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa lina shule ya muziki tayari, bado tu kufungua mlango.

Tusipofanya hivyo, digrii hizi zitabaki za watoto wa mjini waliosoma shule zenye vyumba vya muziki. Na yule wa Zagayu, mwenye pumzi ya kufukuza ng'ombe kutwa nzima na sikio lililolelewa na ngoma, ataishia kuangalia gwaride kwenye simu.

Baba, kabla hujasema hapana, mwambie apulize kwanza. Halafu mkae chini mpige hesabu pamoja.