Somo la Sauti Lianze Mikononi

Mgeni afikaye Iringa mjini hachelewi kupelekwa na wenyeji juu ya jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe lina maana ya jiwe lizungumzalo. Husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, alikuwa akiketi hapo kutafakari. Sisi watu wa Visiwani tuliofika huko kwa shughuli za Chama tulipanda, tukatega masikio, tukausikia upepo tu. Lakini katika safari hiyo hiyo, ndani ya shule moja ya msingi, tuliwakuta watoto kimya wakinakili kutoka ubaoni kwamba sauti ni nishati itokanayo na mtetemo wa vitu. Tulimwuliza mmoja wao mtetemo ni kitu gani. Akaturudishia sentensi ile ile, bila ya kukosea hata herufi.

Hatumlaumu mtoto, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hatumlaumu sana. Tunalolaumu ni mazoea ya kuamini kwamba sayansi haifundishiki mpaka maabara ijengwe na vifaa viagizwe. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka mtoto awe na akili ya kudadisi. Kwa habari ya sauti, vya kudadisia vimejaa tele. Ngoma ipo. Zitiwe punje chache za mchele wa Kyela, ule ule unaosifiwa hadi Unguja na Pemba, juu ya ngozi yake, na mtoto aambiwe apige pembeni. Mchele utaruka. Akiitandaza mikono yake juu ya ngozi, sauti itakatika na mchele utatulia papo hapo. Mtoto aliyeyaona hayo amekwisha kuujua mtetemo, hata kama neno lenyewe halijui.

Wahehe wanalo pia ligombo, chombo cha nyuzi zilizotandikwa juu ya mti uliochongwa mfano wa hori. Uzi ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Mtoto wa miaka saba aweza kulijaribu jambo hilo kwa kidole kimoja. Na sisi Visiwani tuna dufu, ambalo huotwa moto kabla ya maulidi kwa sababu hiyo hiyo, maana ngozi ikipata joto hukauka na kukaza. Ni watoto wangapi wanaolipiga dufu jioni, na asubuhi yake wakaambiwa kwamba somo la sauti ni gumu?

Huko Mbeya mvua ikishika mwezi wa Novemba na kuangukia bati, mwalimu hunyamaza kwa kuwa hasikiki, na kipindi hupotea. Kumbe bati lile ndilo somo. Radi nayo ni somo: sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde, hivyo watoto wakiwa ndani wakahesabu sekunde tangu kuona umeme hadi kusikia ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja.

Mwandishi wa safu hii alianza chuoni kabla ya kutiwa skuli. Maalim wetu alituwekesha vidole kooni tukatamka ghaini, kisha khaa, na sote tukatambua kwamba ya kwanza hulitetemesha koo na ya pili hailitetemeshi. Skuli ya serikali ilitupa maelezo ya jambo hilo miaka mingi baadaye, wala haikuwa imetuuliza kama tulikuwa tunalijua.

Wapo watakaosema kelele zitavuruga madarasa jirani. Basi somo lipelekwe chini ya mti. Wapo pia watakaosema kwamba darasa la kwanza na la pili ni la kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Lakini herufi ni sauti zilizoandikwa, na mtoto asiyezipambanua sauti atazisoma vipi herufi?

Tena lipo jambo zito kuliko yote hayo. Katika skuli tuliyosoma alikuwapo mwenzetu aliyekuwa akichapwa kwa ukaidi, mpaka mama yake alipogundua kwamba sikio lake moja halisikii. Mchezo mdogo ungalitosha kulifichua hilo: mtoto afumbe macho, mwenzake agonge vijiti, naye aonyeshe kwa kidole sauti inakotoka. Mwenye sikio moja hupotea, kwani upande wa sauti hutambulika kwa masikio mawili.

Elimu ya msingi si jambo la Muungano, lakini ngoma na masikio ni yale yale pande zote mbili. Tunawataka maofisa elimu wa Iringa na Mbeya, pamoja na wenzao wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar, wasiingoje bajeti ijayo. Wathibiti ubora wanapoingia darasani wasianze na madaftari, waombe ngoma iletwe. Na majina ya watoto walioelekeza vidole upande usio wenyewe yafike zahanati kabla muhula haujafungwa.