Usiniambie Nikae Vizuri

Kamusi ya Kiswahili ina neno kifandugu. Ni kile kimfupa cha mwisho kabisa chini ya uti wa mgongo, pale ambapo mnyama angekuwa na mkia. Nilisoma Kiswahili mpaka kidato cha nne na sikuwahi kukutana nalo. Nililijua nikiwa na miaka 29, baada ya Jumapili moja ambapo nilishindwa kuinuka kwenye benchi la kanisa. Watu walisimama kuimba, mimi nikabaki nimekaa kama mtu aliyeususia wimbo.

Naendesha bodaboda Luanda Kotieno, ufuoni, pale feri ya kutoka Mbita inapotia nanga. Huu ni mwaka wangu wa sita. Na nimechoka kuambiwa nikae vizuri.

Maumivu ya kifandugu hayana heshima. Ukivunjika mguu, watu watakuletea maziwa na pole. Ukisema unaumwa pale unapokalia, steji nzima inaangua kicheko. Ukisema ni mgongo, mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana huku mgongo wa mwanaume si mgongo tu. Wauza dawa wanaopita ufuoni na spika begani wanatangaza dawa ya mgongo na dawa ya nguvu za kiume kwa pumzi moja, ndani ya chupa moja. Kwa hiyo ukilalamika, jamaa wanakuuliza mke wako anaendeleaje. Kwa Dholuo mgongo ni ng'e. Kwa Kiswahili nge ni yule mdudu mwenye sumu mkiani. Wakati mwingine nikishuka kwenye pikipiki saa tatu usiku huwa naona lugha hizi mbili zilikaa zikakubaliana.

Basi tunanyamaza na kumeza diklofenaki. Kwenye duka la dawa hatuulizi hata jina, tunasema "nipe zile za mgongo." Diklofenaki ni dawa nzuri kwa siku chache. Kwa miezi na miaka inachoma tumbo na kuumiza figo. Ninajua waendeshaji wanaoimeza kabla ya chai ya asubuhi kama watu wa zamani walivyokuwa wakitia ugoro puani.

Mimi nilienda kwa daktari. Alinisikiliza, alinipima, akanipa ushauri: kaa wima, pumzika kila nusu saa, usibebe mizigo mizito, na ikiwezekana tafuta kazi nyingine. Kitabibu yuko sahihi kabisa, sigombani naye. Nagombana na ile imani iliyo chini ya kila ushauri wa aina hii, kwamba mgongo wangu uliharibiwa na mimi mwenyewe kwa kukaa vibaya. Hebu tuhesabu pamoja.

Naamka na deni la shilingi 430. Hilo ni la mkopo wa pikipiki, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, kwa miezi 18. Nikikosa, pikipiki inafungwa kwa mbali na siwezi kuiwasha. Bado petroli, bado chakula, bado nyumbani. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri niko ufuoni kumngoja mama wa omena, na saa tatu usiku bado niko barabarani. Hapo katikati ni saa 16. Daktari anasema nipumzike kila nusu saa. Sawa. Aniambie basi ni nusu saa ipi kati ya hizo ambayo haina mwenyewe.

Mtu wa mjini atasema lami imefika. Ni kweli, kutoka Ndori unateleza vizuri, ukiondoa matuta. Lakini lami ina matatu, na abiria wa lami hupanda matatu. Pesa yetu iko kwenye vumbi, kwenye vijia vya Uyoma vinavyoshuka mpaka fuo ndogo ndogo, ambako mvua imechimba mifereji na mawe yamebaki yametoa vichwa. Huko nabeba gunia la omena, na juu ya gunia mwenye gunia. Ili keria isigonge gurudumu, fundi alinikazia springi za nyuma. Springi ikikazwa haimezi tena bonde. Bonde linapanda lilivyo, linapita kwenye kiti, na kitu cha kwanza linachokutana nacho ni kimfupa kile kisicho na nyama.

Na kiti chenyewe? Hapa kuna historia ya kuchekesha. Bodaboda ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, na ilikuwa baiskeli. Kilichoifanya baiskeli ya mtu iwe chombo cha biashara ni mto ulioshonwa juu ya keria ili abiria akae bila kuumia. Kazi hii yote ilizaliwa siku mtu alipoyahurumia makalio ya abiria. Ya dereva bado yanasubiri siku yao. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki zilizo chini ya cc 250, na zikaingia kama nzige. Ziliingia na kiti chembamba kinachoinamia mbele, cha mtu anayeenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Ukiwa na abiria mmoja unasukumwa kwenye tangi. Ukiwa na wawili unalikalia.

Ndiyo, nabeba wawili. Sheria inaruhusu mmoja na naijua. Lakini nauli ya abiria wa kwanza ni ya petroli na ya mwenye mkopo. Wa pili ndiye anayenilipa mimi.

Msidhani kwamba dunia haijui mtikisiko unafanya nini mwilini. Inajua vizuri sana. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 2002/44 kuhusu mtetemo kazini. Linamtaka mwajiri apime ni kiasi gani mwili wa mfanyakazi unatikiswa, kwa hesabu ya siku ya saa 8, na limeweka kiwango ambacho hakiruhusiwi kuvukwa. Dereva wa tingatinga Ujerumani ana namba inayolinda mgongo wake. Mimi nina methali: mvumilivu hula mbivu.

Kenya nayo ina Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007. Inamfidia mwajiriwa. Mimi si mwajiriwa wa mtu. Wakati wa kampeni naitwa hasla, mwanabiashara, uti wa mgongo wa uchumi. Uti wa mgongo! Wanapenda sana mfano huo. Mwanasiasa akija, tunajazwa petroli ya mia mbili na kupiga honi mbele ya gari lake, naye juu, kiti chake ngozi. Akiondoka, narudi kuwa yule asiyevaa kofia na anayesumbua trafiki. Bima ya SHA ilipoanza Oktoba 2024, mchango wa chini ulikuwa shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara tukatakiwa tulipe mwaka mzima kwa mpigo. Yaani 3,600 kutoka kwa mtu ambaye hata deni lake linajua kwamba pesa huingia kwa siku.

Kuna wanaosema: hakuna aliyekulazimisha. Hawa ndio huniudhi zaidi, kwa sababu wamesema nusu ya ukweli. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilimaliza chuo na diploma ya ugavi, nikatuma barua miaka miwili, nikachukua pikipiki. Lakini kuchagua kazi si kuchagua kila kitu kinachoifanya kazi hiyo iumize. Sikuchagua deni lisilo na Jumapili. Sikuchagua kiti. Wengine wanasema subiri pikipiki za umeme. Nimeipanda moja Kisumu. Imetulia kama paka. Kiti ni kilekile.

Niwape mfano mdogo, kwa sababu hasira bila mfano ni kelele. Steji yetu ina kibanda. Kilijengwa na mwanasiasa fulani, jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo ukiwa kwenye feri unazisoma. Mabati mazuri, nguzo za chuma. Ndani hakuna benchi. Kwa hiyo tukingoja feri, tunangojea juu ya pikipiki. Na hata kungekuwa na benchi, ukishuka unapoteza nafasi kwenye foleni, maana foleni ni ya aliyekalia. Mwendeshaji wa Luanda Kotieno anapumzika akiwa amekalia kilekile kinachomuua. Hakuna mtu mbaya aliyepanga hivyo. Ila waliotoa pesa walimfikiria mpiga kura atakayesoma jina, na sisi wenyewe tukaifanya foleni iwaadhibu wanaosimama.

Mwezi wa tatu nililileta jambo hilo kwenye kikao cha steji. Walicheka, bila shaka. Halafu mzee mmoja, aliyeanza na baiskeli kabla sisi hatujazaliwa, akasema, "Omera, hata mimi ng'eya rama," mgongo wangu unauma. Kicheko kikakatika. Wakahesabiana. Kati yetu 19 tuliokuwepo, wanne tu hawakuinua mkono, na wawili kati ya hao walikuwa wageni wa mwezi mmoja. Tuliomba ubao wa mashua iliyooza, tukapiga benchi. Tukaandika sheria: kofia yako ikiwa kwenye kiti cha pikipiki, nafasi yako haichukuliwi. Sasa tukingoja tunasimama, tunatembea, tunakaa kwenye ubao. Fundi wa viti wa Kibuye alinikatia sponji na kuacha shimo nyuma ili kifandugu kisiguse kitu. Nimepunguza vidonge. Sijapona.

Benchi tulilipata bure. Yanayobaki hayako mikononi mwetu, nayataja ili wenyewe wasikie. Wenye mikopo: siku moja ya mapumziko kwa wiki, isiyohesabiwa kama kukosa kulipa. Wenye kuleta pikipiki: kiti cha mtu anayeshinda juu yake mchana kutwa. Mnajua tunazitumiaje, matangazo yenu yanaonyesha abiria na magunia. Wenye bima: mchango wa kila siku kupitia simu, na mazoezi ya viungo yaingie kwenye matibabu yetu, si vidonge tu. Wenye kaunti: vile vijia vya Uyoma.

Na nyinyi mnaosoma hii mkingoja chakula mlichoagiza kwa simu: huyo anayekuja ana kifandugu. Akichelewa dakika tano, labda alisimama kidogo.

Kwa wenzangu, neno la mwisho, na hili msilicheke. Mguu ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, pale katikati ya mapaja pakipoteza hisia, au mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, usingoje Jumatatu wala usiogope deni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo haisubiri, na pikipiki ikichukuliwa, bado kuna siku utapata nyingine.