Gari Livujalo Oili Lioshwe Kabla ya Kufunguliwa



Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa rai kwamba pikapu ya Chama iuzwe, kwa kuwa ni kuukuu na inavuja oili. Wako waliosema kuwa kila shilingi inayoingia katika mfuko wa usafiri inatoka tena kwa kununulia makopo ya oili. Wako pia waliosema, na haya tuliyasikia ijapokuwa yalisemwa pembeni, kwamba Katibu halijali gari kwa sababu halikununuliwa kwa fedha zake. Siku ile hatukujibu, maana mzee wetu mmoja alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mzee yule alikuwa ameanika karafuu zake juu ya majamvi, na pikapu ikaenda kuchukua magunia ya jirani yake. Dereva akaingiza pua ya gari mpaka juu ya pembe ya jamvi, akazima moto, akangoja kupakiwa. Alipoondoka, pembe ile ilikuwa na madoa meusi. Kila mmoja wetu anajua jinsi karafuu zinavyoshika harufu. Konzi moja yenye oili yaweza kuharibu sifa ya gunia zima. Mzee akatupa zaidi ya pishi moja. Aliyepanda juu ya mkarafuu kwa kamba na pakacha anaelewa pishi moja ni jasho kiasi gani.

Basi kwanza tukiri kosa. Mwaka jana tulilipeleka gari gereji. Fundi akalala chini, akaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, akasema sili ya nyuma ya injini imekufa, na giaboksi haina budi kushushwa. Tukatia saini. Kazi ilichukua siku nne, na ujira wake wanachama mmeuona katika hesabu. Haikutimia wiki, tone likarudi pale pale. Hatusemi kwamba fundi alitudanganya. Aliona oili, na oili ilikuwapo. Lakini si yeye wala sisi tuliyeuliza imeteremka kutoka wapi.

Aliyeuliza ni kijana mmoja, mtoto wa mwanachama mwenzetu, anayetengeneza mashine za mashua.

“Bwana Katibu, mshaiosha?”

“Tuoshe nini?”

“Injini. Mtajuaje panapovuja, na yote nyeusi?”

Tuliona haya, lakini tukaosha. Yafaa tueleze namna tulivyofanya, maana wengi wenu mna magari yenye umri kama huu wetu. Tulingoja injini ipoe kabisa. Tukavika mifuko ya plastiki kabureta na distribyuta ili maji yasiingie. Tukasugua kwa brashi na mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga, tukasuuza kwa maji kidogo, tukaiacha ikauke mpaka asubuhi. Kijana akanyunyiza poda ya watoto nyuma ya injini, ubavuni na chini, ikawa nyeupe kama andazi lililotiwa sukari. Tukaenda Konde na kurudi, tukafungua boneti. Chini poda ilikuwa nyeupe vile vile. Juu, nyuma ya kile kifuniko ambacho mafundi wanakiita tapeti kava, palikuwa na mstari mweusi unaoteremka mgongoni mwa injini mpaka kwenye giaboksi. Sili tuliyoilipia siku nne haikuwa na hatia.

Pikapu yetu ni Toyota Hilux yenye injini ya petroli ya 22R. Injini hii ina vipande viwili vya mpira vyenye umbo la nusu mwezi, kimoja mbele na kimoja nyuma, chini ya gasketi ya tapeti kava. Mpira ukipata moto na kupoa kwa miaka mingi, hukakamaa. Cha nyuma tulipokitoa kilikuwa kigumu kama kifuu. Gasketi mpya pamoja na vipande vyake haikuzidi thamani ya kilo mbili tatu za karafuu kavu, na kazi ilikwisha baina ya alasiri na magharibi.

Hata hivyo kazi rahisi inaweza kuharibiwa. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote, na uso wa chuma ufutwe mpaka ukauke. Silikoni itiwe kidogo tu kwenye pembe za zile nusu mwezi, isipakwe kama siagi pande zote. Inayozidi humeguka ndani, ikaenda kuziba chujio lililo katika sampu, na injini inayonyimwa oili haichelewi kufa. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Mtu anayekaza kwa nguvu zake zote anaikamua gasketi nje, kisha anashangaa kuona inavuja kuliko jana.

Liko jambo jingine ambalo hatukulijua, na kwa maoni yetu ndilo linalosahauliwa zaidi. Injini hupumua. Upo mpira mdogo wenye valvu unaotoa mvuke wa ndani na kuurudisha uchomwe. Valvu hiyo ikiziba, mvuke hujaa ndani na kusukuma oili ipite popote penye udhaifu. Ukiibadilisha gasketi na valvu ukaiacha imeziba, gasketi mpya nayo itashindwa. Valvu ya gari letu tulipoitikisa haikulia. Iliyo nzima hulia kwa kugongagonga ndani. Tukaweka nyingine.

Mahali pengine pa kutazama ni pale filta inapofungwa, kwani mara nyingine ringi ya mpira ya filta ya zamani hubaki imenata na mpya ikafungwa juu yake. Na washa ya nati ya kumwagia oili, ambayo bei yake ni ndogo hata kuitaja.

Wako wenzetu wanaosifu dawa za chupa zinazotiwa ndani ya oili. Hatuzikatai moja kwa moja. Nyingine hulainisha sili zilizokakamaa, na uvujaji wa jasho unaweza kupungua. Lakini hakuna dawa ya chupa inayokaza nati iliyolegea wala kuunga gasketi iliyokatika, na anayeanza na chupa analipa kabla ya kujua ugonjwa. Oili nzito nayo huchelewesha tone, haiponyi.

Na ikiwa sili ya nyuma ndiyo kweli mbovu? Hapo tunasema: subirini. Sili yenyewe si ghali. Ghali ni kushusha giaboksi. Kama tone ni dogo, lingojee siku ya kubadilisha klachi, kwani giaboksi itashushwa tu, na kazi mbili zitalipiwa ujira mmoja. Isipokuwa oili ikifika kwenye klachi ikaanza kuteleza, au ikidondokea bomba la moshi lenye joto, hapo msingoje hata siku moja, maana huo ni moto. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, dereva azime injini pale pale, hata kama yuko katikati ya mlima na magunia yamejaa.

Ama kuuza, sisi hatuafiki. Gari livujalo linauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na fedha hizo zitatununulia kuukuu jingine ambalo maradhi yake hatuyajui. La kuogopwa zaidi ni kutu. Hewa yetu ni ya chumvi, na siku fremu ya pikapu ikioza, sisi wenyewe tutanyosha mkono iuzwe.

Tutaiomba Kamati ikubali mambo mawili. La kwanza, fedha ya Chama isitoke kwa kufungua injini au giaboksi mpaka injini ioshwe, na wajumbe wawili waone kwa macho yao panapovuja. La pili, mzee wetu alipwe pishi yake, na malipo hayo yaandikwe kwa jina lake hasa, kama tulivyoandika gharama ya sili ile bila ya kuificha chini ya jina jingine.

Dereva sasa anapima oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na anaandika daftarini. Kila usiku anatandika boksi la katoni chini ya injini. Katoni ya Jumatano ilikuwa kavu, ya Alhamisi kavu. Ya Ijumaa ina tone moja upande wa filta, na tutalitazama leo baada ya alasiri. Mwanachama anayetaka kuona aje, poda bado ipo.