Keezo Dogo na Haki ya Kiweko Chake

Katika miji yetu ya leo, ambamo seremala aghalabu hufanyia kazi yake katika kibanda cha mabati au katika ukumbi mwembamba wa nyumba ya kupanga, si ajabu kumwona kijana mwenye bidii ambaye amejinyima mengi hata akapata fedha ya kununua keezo dogo, yaani mashine ya umeme ya kukerezea mbao, kisha akaliweka juu ya meza yoyote iliyokuwa karibu naye, kana kwamba kwa kulinunua amekwishatimiza kila sharti la ufundi. Akiulizwa sababu, atajibu kuwa hana nafasi. Rai yangu ni kwamba kiweko, yaani kile ambacho juu yake keezo huwekwa, ni nusu ya keezo, na kwamba ufinyu wa nafasi, ambao wengi huufanya udhuru wa kukidharau, ndio hasa unaolazimu kitengenezwe kwa hesabu na fikira.

Wakereza wa kale wa nchi za Mashariki, wakiwamo wale walioyajaza madirisha ya Cairo vijiti na vifundo vya mbao vilivyokerezwa, hawakuwa na haja ya kiweko, kwa sababu waliketi chini, wakaizungusha kazi yao kwa uta uliovutwa huku na huku, na ardhi yenyewe ikapokea kila mtikisiko pasipo kulalamika. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao vitanda vya Lamu na Siyu vimetuletea sifa kwa matendegu yake ya kukerezwa, hatuna haki ya kuiona sanaa hii kuwa ni ngeni kwetu. Lakini keezo la mota lilipochukua mahali pa lile la uta, mambo mawili yaligeuka kwa pamoja: keezo liliinuliwa kutoka chini hata likafikia kimo cha mtu aliyesimama, na mwendo wake ukazidi mara nyingi ule wa uta. Kwa hiyo mashine ilipohitaji uthabiti wa ardhi kuliko wakati wowote uliopita, ndipo ilipotenganishwa nayo. Na kiweko ndicho kinachopaswa kuurejesha uthabiti huo.

Asiyeamini na apige hesabu. Gogo ambalo halijasawazishwa likiwa na gramu 100 zilizozidi upande mmoja, sentimita 10 kutoka katikati, basi kwa mizunguko 1,000 kwa dakika gramu hizo huvuta kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 11. Na mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu haiongezeki maradufu, ila hufikia mara nne, yaani karibu kilo 45, ambazo zaweza kuupita uzito wa keezo dogo zima. Meza nyepesi haina budi kutetemeka mbele ya nguvu kama hiyo, na meza itetemekapo, bobari, yaani patasi ya kukerezea, huruka juu ya mti, kazi huharibika, na mkono wa fundi huwa hatarini.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba kitu cha kuokoa nafasi sharti kiwe chembamba na chepesi. Kiweko kifaacho katika chumba kidogo ni kile kilicho chembamba juu, kipana chini, na kizito karibu na sakafu. Mimi napendelea cha miguu mitatu, miwili ikiwa imetanuliwa kiasi cha sentimita 60 chini ya kichwa chenye mota, na mmoja chini ya mwisho wa pili, kwa kuwa vitu vitatu, kama mafiga, hukaa imara hata juu ya sakafu yenye mabonde, na kwa kuwa umbo lake la pembe tatu huingia katika kona ambayo meza ya kawaida isingeingia. Miguu iwe ya mbao ngumu iliyokauka vyema, iungwe kwa bolti na nati wala si kwa misumari ambayo mtikisiko huilegeza, na itiwe vipande vya mshazari ili isiyumbe. Kisha katikati, chini kabisa, litengenezwe sanduku lenye urefu wa sentimita 50, upana wa 30 na kina cha 20, nalo lijazwe mifuko ya mchanga mkavu: hizo ni lita 30, ambazo uzito wake wapata kilo 45, na gharama yake ni ndogo mno.

Kimo nacho kisikisiwe. Fundi na asimame wima, akunje mkono, apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, kisha aondoe kimo cha kitovu cha keezo, yaani pale gogo linapozungukia, kutoka kitako chake. Tuseme kiwiko kiko sentimita 105 na kitovu kiko 25, basi uso wa kiweko uwe sentimita 80. Anayeinama mchana kutwa juu ya meza ya kulia chakula atailipa gharama ya kiweko kwa maumivu ya mgongo.

Wako wasemao kwamba dawa ya ufinyu ni kiweko cha kukunjwa kwa bawaba, au kilichowekwa juu ya magurudumu manne. Nawaheshimu kwa kutafuta, lakini siafikiani nao, kwa kuwa bawaba na gurudumu ni mahali palepale ambapo mtikisiko hupata mwanya. Iwapo fundi hana budi kukihamisha kiweko kila jioni, na afunge magurudumu mawili upande mmoja tu, yakiwa yameinuliwa kidogo juu ya sakafu, yasiguse mpaka upande wa pili unaponyanyuliwa. Na mifuko ya mchanga itolewe kwanza. Fauka ya hayo, nafasi iliyo kati ya miguu, juu ya sanduku la mchanga, yaweza kutiwa droo za patasi na bobari, ili ukuta ubaki mtupu na chumba kipumue.

Tena chumba kidogo hukusanya vumbi upesi, na vumbi la mbao si jambo la mzaha, kwani shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililihesabu vumbi hilo miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo tangu 1995. Barakoa, miwani, na swichi inayofikiwa pasipo kupitisha mkono mbele ya gogo linalozunguka, ni mambo ya lazima kama kiweko chenyewe.

Haya hayamhusu fundi peke yake: nchini Tanzania sheria huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hapana shaka baadhi ya fedha hiyo inaweza kununua mashine za useremala. Nawasihi wanaoipitisha mikopo hiyo wasikubali orodha ya vifaa yenye keezo lisilokuwa na kiweko, miwani wala barakoa, kwa sababu hiyo ni orodha ya nusu mashine. Na walimu wa vyuo vya ufundi nawaomba wamfanye kila mwanafunzi atengeneze kiweko kwa mikono yake, akikipima kwa kiwiko chake na kwa chumba atakachofanyia kazi, kabla hajaruhusiwa kukereza tendegu lake la kwanza.